ALIYETANGULIA KULIPA
Juu ya kurudishiwa gharama za matibabu ya mfanyakazi aliyeumia kazini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Ngara na Biharamulo. Yapigwa chapa hapa kwa faida ya wale ambao kazi iliwazuia wasifike. Maswali matatu yaliyoulizwa baada ya hotuba, pamoja na majibu yake, yamewekwa mwishoni.)



Kamati imenipa heshima ya kusema nanyi juu ya jambo ambalo kwa nje laonekana dogo, tena la makaratasi matupu. Walakini ndani yake mna ng'ombe waliouzwa, mashamba ya migomba yaliyowekwa rehani, na ndugu wa tumbo moja wasiosemezana. Jambo lenyewe ni hili: mfanyakazi akiumia kazini, na mtu mwingine akatangulia kulipa gharama za matibabu yake, je, mtu huyo atarudishiwa fedha zake na nani, na kwa njia gani?

Nimesema "aliyetangulia kulipa" kwa makusudi. Sikusema "aliyetoa sadaka." Wazee wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na neno hilo ni la kweli. Lakini wazee hao hao walisema pia kwamba dawa ya deni ni kulipa. Kazi yangu leo ni kuonyesha kwamba katika jambo hili lipo deni, na mdaiwa yupo, wala mdaiwa huyo si mgonjwa. Tukilisahau deni hilo tutamwacha mtu mwema abebe mzigo usio wake. Na mtu mwema akiisha kuumizwa hivyo mara moja, siku ya pili atafumba mkono, na atakayepotewa na mguu au na roho ni mwenzetu mwingine.

ASILI YA SHERIA

Yafaa kwanza tukumbushane tulikotoka. Sheria ya kwanza ya fidia iliyowagusa wafanyakazi wengi wa Tanganyika ilitungwa wakati wa utawala wa Waingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940. Sheria ile ilimtwika mwajiri peke yake mzigo wote. Mtu akiumia, alimdai bwana wake. Kama bwana alikuwa na mali na moyo, alilipa; kama hakuwa na kimojawapo, mtu alibaki na kilema chake. Tena viwango vya fidia viliachwa bila kupandishwa huku thamani ya shilingi ikishuka, hata mwisho kikomo cha fidia ya ulemavu wa kudumu kikawa shilingi 108,000, na cha kifo shilingi 83,000. Fedha hizo hazikutosha hata gharama za msiba.

Sisi watu wa wilaya hizi twaweza kuuona udhaifu wa njia ile kwa mambo yaliyotokea kwetu wenyewe. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia Ngara. Mashirika mengi ya kigeni yakaja kwa haraka, yakaajiri madereva, walinzi, wauguzi na makarani. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao, na mashirika mengi yakafunga mizigo. Fikirini sasa: kwa sheria ya mwajiri peke yake, mtu aliyevunjika mgongo katika kazi ya namna ile angemdai nani, ilhali bwana wake amekwisha kupanda ndege? Hali kadhalika kule Biharamulo, mgodi wa dhahabu wa Tulawaka uliofunguliwa na kampuni ya kigeni ulipita mwaka 2013 mikononi mwa shirika la madini la Serikali, STAMICO. Waajiri huja na kuondoka. Jeraha la mtu halihami.

Kwa sababu hiyo Bunge lilitunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, nayo ikaanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa Tanzania Bara. Mfuko ulianza kazi tarehe 1 Julai 2015, na ulianza kulipa mafao tarehe 1 Julai 2016. Waajiri wote, wa Serikali na wa watu binafsi, huchangia. Hapo awali mwajiri binafsi alitoa asilimia 1 ya mishahara na Serikali asilimia 0.5, mwaka 2021 mwajiri binafsi akapunguziwa hata asilimia 0.6, na tangu Julai 2022 wote wamekuwa sawa kwa asilimia 0.5. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja kwa ajili ya Mfuko huu. Kwa mtumishi wa mshahara wa shilingi 600,000, mwajiri wake hupeleka shilingi 3,000 kila mwezi. Kwa hiyo mdaiwa niliyemtaja yupo, ana jina na ana anwani. Na fedha za kulipia deni zimekwisha kukusanywa kabla ajali haijatokea.

MANENO MACHACHE YENYE UZITO

Sheria yaeleza kwamba Mfuko utalipa gharama za haki za matibabu zilizotumiwa na mfanyakazi, au zilizotumiwa kwa niaba yake, kwa muda usiozidi miaka miwili tangu siku ya ajali au tangu ugonjwa ulipoanza. Muda huo waweza kuongezwa ikiwa matibabu zaidi yatapunguza ulemavu.

Nawaomba, ndugu wanachama, myashike maneno haya mawili: "kwa niaba yake." Mlango wa yule aliyetangulia kulipa umo ndani ya maneno hayo. Sheria haikudai kwamba fedha itoke katika mfuko wa suruali ya mgonjwa mwenyewe. Ikiwa shemeji yake alilipa, au jirani, au chama, au mwajiri, gharama ile ilitumiwa kwa niaba ya aliyeumia, nayo ni gharama inayodaiwa.

Walakini mlango huo una kizingiti. Dai la aliyelipa halisimami kwa miguu yake. Limebebwa mgongoni na dai la aliyeumia. Ajali isiporipotiwa, hakuna dai la kulibeba. Mfuko ukiamua kwamba jeraha halikutokana na kazi, dai la aliyeumia laanguka, na la aliyelipa laanguka pamoja nalo. Ndiyo maana mtu anayelipa hospitali kwa fedha zake ana haki kabisa ya kuuliza siku ile ile: "Je, taarifa ya ajali imekwisha kuandikwa?" Asionekane mtu mwenye tamaa akiuliza hivyo. Ameuliza kwa faida ya mgonjwa kuliko faida yake.

Neno jingine ni "gharama za haki." Mfuko haulipi kila karatasi iliyoandikwa tarakimu. Hulipa matibabu ya daktari, upasuaji, kulazwa, uuguzi, dawa, viungo vya bandia na vifaa vinavyotakiwa kwa sababu ya ulemavu, na usafiri wa kumfikisha aliyeumia penye matibabu inapokuwa lazima. Mtu aliyechagua chumba cha fahari kwa kujionyesha asitazamie kurudishiwa fahari yake.

WALIPAJI WA AINA NYINGI

Katika wilaya zetu nimeona aina tano za watu wanaotangulia kulipa.

Wa kwanza ni mwajiri mwenyewe. Huyu ana wajibu wa kumfikisha aliyeumia hospitali bila kungoja. Akilipa, hudai Mfuko umrudishie. Wala haimpasi kumkata mtumishi mshahara ili kujirudishia gharama hizo.

Wa pili ni ndugu na jirani. Hawa ndio wengi, na ndio wanaopotewa zaidi, maana hulipa kwa haraka, usiku, bila kuandika.

Wa tatu ni chama: chama cha kusaidiana, cha akiba na mikopo, au cha kufa na kuzikana. Mweka hazina hutoa fedha za wengi, na wengi hao watamwuliza.

Wa nne ni hospitali inayotibu kwa kuamini. Hospitali za makanisa kama Murgwanza na Rulenge zimetumikia watu wa Ngara kwa miaka mingi, na hospitali yoyote inayompokea mtu anayetokwa damu haiwezi kuanza kwa kuhesabu shilingi zake. Mgonjwa akiondoka bila kulipa, hospitali ndiyo iliyolipa, ijapokuwa haikutoa noti mkononi.

Wa tano ni bima ya afya. Hapa nitakaa kidogo, maana jambo hili twalifanya sisi wenyewe watumishi bila kulifikiri.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliwekwa na sheria ya mwaka 1999, ukaanza kuwahudumia watumishi wa Serikali mwaka 2001. Sheria ile iliweka mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mtumishi na nusu ya mwajiri. Kwa yule mtumishi wetu wa shilingi 600,000, ni shilingi 18,000 zake mwenyewe na shilingi 18,000 za mwajiri. Basi mtumishi akiumia kazini, hutoa kadi yake ya bima, hutibiwa, na wote hushukuru kwamba mambo yamekwisha. Je, yamekwisha kweli? Gharama iliyokusudiwa kulipwa na michango ya waajiri imelipwa na michango ya wagonjwa. Mama mwenye kisukari na mtoto mwenye malaria ndio waliochangia mkono uliokatwa na mashine ya kazi. Hakuna aliyeiba, lakini mzigo umehama kutoka bega moja hata jingine, na hakuna karani aliyeandika kwamba umehama.

Mataifa mengine yameliona jambo hili. Katika jimbo la New York, Marekani, Bodi ya Fidia ina mpango ambao kwa huo kampuni za bima ya afya hulinganisha orodha zao na orodha ya madai ya walioumia kazini. Zikiona zimelipia jeraha la kazi, huidai bima ya fidia izirudishie. Jirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, wamebaki na njia ya kumtwika mwajiri, naye hulazimika kukata bima. Njia ni mbalimbali, lakini shina lao ni moja: jeraha la kazi hulipiwa na kazi. Nasi Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kadiri watu wengi watakavyoshika kadi, ndivyo itakavyozidi kuwa rahisi jeraha la kazi kujificha chini ya kadi. Hapana budi tuwe macho.

Dawa yake si kumkataza mgonjwa asitumie kadi. Mtu anayetokwa damu atumie mlango wowote ulio wazi. Dawa ni kusema na kuandika pale pale hospitali: "Huyu ameumia kazini, siku fulani, saa fulani, akifanya kazi fulani." Neno hilo likiandikwa katika karatasi ya mganga siku ya kwanza, mizigo yote yaweza kurudishwa mahali pake baadaye. Lisipoandikwa, si bima tu itakayopotewa. Na mgonjwa mwenyewe, siku atakapodai fidia ya ulemavu, ataulizwa mbona hospitali haikujua kwamba ni ajali ya kazi.

MFANO WA HESABU

Sasa niweke mfano, ili tusibaki hewani. Mfano huu ni wa kubuni, wala msitafute mtu ndani yake.

Karani wa Halmashauri ametumwa kutoka Ngara mjini kupeleka vitabu vya stakabadhi Rulenge. Ni wakati wa masika, barabara ni utelezi, pikipiki ya kazi yaanguka, na paja lake lavunjika. Jirani aliyepita njia akodi gari la kumpeleka hospitali, alipa shilingi 150,000. Waganga waamua apelekwe Bugando, Mwanza. (Waliopita njia ile kabla ya Juni 2025, ambapo daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa, wanajua maana ya kungoja kivuko na mgonjwa anayelia garini.) Shemeji yake auza ng'ombe, alipa shilingi 600,000 kwa vitu ambavyo kadi haikuvilipia. Chama chatoa shilingi 250,000. Bima ya afya yalipa shilingi 800,000. Jumla ni shilingi 1,800,000, na mgonjwa mwenyewe hakutoa hata thumuni.

Hesabu ya haki ni hii. Mfuko ukiyakubali madai yote kuwa ni gharama za haki, jirani hupata 150,000 zake, shemeji 600,000 zake, chama 250,000 zake, na zile 800,000 ni jambo la mifuko miwili kusawazisha. Karani wetu hapati kitu katika fungu hili, wala hakosi kitu, kwa kuwa hakutoa kitu. Haki yake ni nyingine: malipo ya muda asioweza kufanya kazi, na fidia ya ulemavu ikiwa paja halikupona sawasawa.

Hesabu ya dhuluma ya kwanza ni hii: karani apokea fedha za matibabu kwa jina lake, naye akanyamaza. Shemeji yuko kijijini, hajui. Miaka miwili baadaye asikia kwa watu. Hapo ng'ombe mmoja ameua undugu.

Hesabu ya dhuluma ya pili: mtu akusanya karatasi zote, hata zile zilizolipiwa na kadi, azipeleka kama kwamba alizilipia mkononi. Shilingi moja yataka kulipwa mara mbili. Huo ni wizi, hata ukivaa suti; na karani atakayeugongea muhuri ameshirikiana nao.

Na dhuluma ya tatu ni ya aliyelipa kumgeukia aliyeumia. Asema: "Mimi nilikutibu, basi nipe fidia yako ya mguu." La, hasha. Sheria za fidia, za zamani na za sasa, zimezuia fidia ya mfanyakazi isiuzwe, isiwekwe rehani, wala isikamatwe kwa deni. Fungu la matibabu ni la aliyelipa matibabu. Fungu la mguu ni la mwenye mguu na watoto wake. Tafadhali shikeni mpaka huo, maana ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa.

WAJIBU WA KARANI

Mabwana na mabibi, mali bila daftari hupotea bila habari. Nani ashikaye daftari katika Ngara na Biharamulo? Ni sisi. Mganga huunga mfupa, dereva huendesha gari, mkuu wa idara hutia sahihi. Lakini karatasi yenyewe hupita mkononi mwa karani, na hapo ndipo inapookoka au kupotea. Natoa basi mashauri matano.

Kwanza, taarifa. Mwajiri aliyekwisha kuarifiwa ajali ana siku 7 za kuipeleka taarifa kwa Mfuko. Usingoje mkuu wako arudi safari. Andika, mpelekee anayekaimu. Na dai lenyewe lipelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali au ya kifo. Miezi 12 huonekana mingi kwa mtu mzima. Kwa mtu aliyelazwa hupita kama usiku mmoja.

Pili, stakabadhi. Kila malipo yawe na stakabadhi halali, yenye jina la mgonjwa, tarehe, na jambo lililolipiwa. Hospitali ya Serikali itoapo kumbukumbu namba ya malipo, itunzeni pamoja na stakabadhi. Nyuma ya nakala, mlipaji aandike jina lake na sahihi yake: "Nimelipa mimi fulani, kwa niaba ya fulani." Chukueni nakala upesi, kwa kuwa wino wa karatasi nyingi za mashine hufifia kabla ya mwaka kwisha.

Tatu, hati ya makubaliano. Mgonjwa akiisha kupata nguvu ya kushika kalamu, yeye na mlipaji waandike karatasi moja fupi: kiasi kilicholipwa, na kwamba fedha hiyo ikirudishwa na Mfuko itapokewa na mlipaji. Mashahidi wawili watoe sahihi. Jambo hili si la kuaibisha undugu. Ndugu wanaoandikiana hugombana mara chache kuliko ndugu wanaoaminiana kwa mdomo.

Nne, vyama. Mweka hazina asitoe fedha ya matibabu ya ajali ya kazi kama atoavyo rambirambi. Aiandike katika ukurasa wa fedha zinazotazamiwa kurudi. Na ikirudi, isomwe mbele ya wanachama. Kama michango ilikuwa ya harambee na watu hawataki kurudishiwa, basi waamue wazi iwekwe kwa ajili ya mwingine atakayeumia.

Tano, magonjwa. Wengi hudhani fidia ni ya mfupa uliovunjika tu. Sheria yataja pia magonjwa yatokanayo na kazi. Kagera tumefundishwa jambo hili kwa uchungu. Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg ulipoingia Bukoba, wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Mwaka 2025 ugonjwa huo ukatokea Biharamulo; ulitangazwa tarehe 20 Januari na ukatangazwa kwisha tarehe 13 Machi, ukiwa umehesabiwa kwa watu 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, na wote walifariki. Mashine ikimkata mtu, wenzake huona. Ugonjwa ukimwingia muuguzi, hakuna aonaye. Ushahidi wake ni orodha ya zamu, daftari la wagonjwa waliopokelewa, na kitabu cha vifaa vya kujikinga. Karani wa hospitali anayetunza orodha ya zamu ameshika mkononi haki ya mjane ambaye bado hajawa mjane. Asiitupe orodha hiyo mwezi ukiisha.

MWISHO

Ng'ambo ya vilima vyetu kazi zinaongezeka. Maporomoko ya Rusumo sasa yatoa umeme wa megawati 80 kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Mradi wa nikeli wa Kabanga umo katika wilaya ya Ngara. Magari makubwa hupita Nyakanazi usiku na mchana. Penye kazi nyingi hapakosi majeraha, na penye majeraha hapakosi mtu mwema atakayeingiza mkono mfukoni kabla ya mtu mwingine. Sitaki mtu huyo aache wema wake. Nataka arudishiwe chake, ili siku ya pili awe na cha kutoa.

Wanachama wa kale wa vyama vya watumishi Waafrika, tangu kile kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922 pamoja na marehemu Martin Kayamba, walijulikana kwa kalamu zao. Hawakuwa na mali wala mamlaka makubwa; walijua kuandika barua iliyonyoka na kuipeleka kwa anayehusika. Silaha hiyo bado tunayo. Tuitumie kwa ajili ya yule aliyelala kitandani, na kwa ajili ya yule aliyesimama kando ya kitanda akiwa na stakabadhi mkononi.



MASWALI NA MAJIBU

Swali: Mtu aliyelipa amepoteza stakabadhi. Je, amepotewa na yote?

Jibu: Asikate tamaa upesi. Hospitali huweka kumbukumbu zake, na malipo yaliyopita kwa simu au benki huacha nyayo. Aende hospitali na jina la mgonjwa na tarehe, aombe nakala yenye muhuri. Lakini asitengeneze stakabadhi mpya kwa gari lililokodiwa njiani. Ni afadhali kukosa shilingi 150,000 kuliko kutia doa katika dai zima la mgonjwa.

Swali: Mkuu wa kazi hataki kuripoti ajali, kwa kuogopa ofisi yake isionekane mbaya. Mfanyakazi afanye nini?

Jibu: Mfanyakazi, au mtu kwa niaba yake, ampe mwajiri taarifa kwa maandishi, na abaki na nakala iliyopokewa kwa muhuri au sahihi. Kisha aupelekee Mfuko habari yeye mwenyewe. Mwajiri anayeacha kuripoti anavunja sheria. Kuficha ajali hakuipambi ofisi. Huifanya ofisi iwe na makosa mawili badala ya moja. Na Mfuko wenyewe ukikataa dai, sheria imeweka njia ya kuomba uamuzi uangaliwe upya na ya kukata rufaa.

Swali: Je, si aibu kumdai mgonjwa karatasi akiwa bado ana maumivu?

Jibu: Ni aibu kama unamdai fedha. Karatasi ni kwa ajili ya Mfuko. Mwambie hivyo kwa upole, naye atakuelewa. Tena atapata usingizi, kwa kuwa wengi wa wagonjwa wetu hawalali kwa kufikiri deni la ndugu zao kuliko kwa kufikiri mfupa.